UZI: Vitamini D ya matone kwa mtoto chini ya mwaka. Dozi ni moja, chupa ni nyingi

Mizani ya Dawa (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Kule kwenye uzi wa chanjo suala la vitamini D linakatiza mada kila mara, basi tulihamishie huku. Naweka msingi, watu wa kliniki na wa lishe mtaongeza na kunisahihisha.

Dozi ndiyo sehemu fupi. Ni IU 400 (IU ni kizio cha kimataifa cha kupima vitamini) kwa siku, mara moja, kuanzia siku za mwanzo hadi atimize mwaka. Haipandi na uzito: wa kilo 3 na wa kilo 9 wanapata ileile. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kinasema hivyo tangu 2008, na makubaliano ya kimataifa ya mwaka 2016 ya kuzuia matege (ugonjwa wa mifupa laini kwa watoto) yakataja kiasi hichohicho. Uingereza wanaandika mikrogramu 8.5 hadi 10, ambayo ni karibu yaleyale, maana mikrogramu 1 ni IU 40. Shirika la Afya Duniani (WHO) halijapendekeza kwa kila mtoto aliyetimiza miezi tisa tumboni. Linapendekeza kwa njiti na waliozaliwa na uzito mdogo wanaonyonya. Kwa hiyo ukitoka kliniki bila kutajiwa habari hii, usidhani nesi amekuficha kitu.

Anayelengwa hasa ni mtoto anayenyonya. Lita nzima ya maziwa ya mama kwa kawaida haifikishi IU 80, na mtoto hanyonyi lita nzima. Wengi ni ml 700 au 800 kwa siku. Hilo halina uhusiano na mama kula vibaya. Mwili wa binadamu umezoea kuipata vitamini hii kupitia ngozi, kifua hakikuwekwa kwa kazi hiyo.

Sasa kwenye chupa, ambako ndiko watu wanaangukia. IU 400 hizo zinauzwa katika ujazo usiofanana hata kidogo. Kuna dawa yenye IU 400 kwa ml 1. Kuna yenye IU 800 kwa ml 1. Kuna ya mafuta, kichupa kidogo kama cha dawa ya macho, yenye IU 400 katika TONE MOJA. Boksi zote zina picha ya mtoto na D3 (aina ya vitamini D iliyomo) imeandikwa kubwa, wakati namba unayoihitaji imejificha ubavuni kwa herufi za sisimizi.

Mtu aliyezoea ile ya kwanza akinunua ya tatu na kuvuta ml 1 kama kawaida yake, hesabu ni hii: tone la mafuta ni kama ml 0.03, kwa hiyo ml 1 ni zaidi ya matone 30, yaani zaidi ya IU 12,000. Mtoto amekunywa dozi ya mwezi kwa mkupuo mmoja. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo mwaka 2010 kwa sababu hiyohiyo, dropa (vibomba vya kudondoshea dawa) zinazoweza kubeba zaidi ya IU 400.

Kabla hujaondoka dirishani pale famasi, mwambie anayekuuzia akuandikie kwa kalamu juu ya boksi: "tone 1" au "ml ngapi". Na ukibadilisha aina, tupa dropa ya zamani. Dropa ya dawa moja haipimi dawa nyingine, mistari yake imechorwa kwa chupa yake tu.

---

Mama Pacha Tabata

Asante mkuu. Chupa ikiwa imeandikwa 800 IU/ml na dropa yake ina mstari mmoja tu wa ml 1, unapimaje?

---

Mizani ya Dawa

Dada, hapo ni ml 0.5, na dropa yenye mstari mmoja haifai kwa kazi hiyo. Nunua sirinji ya ml 1 bila sindano, ile yenye mistari midogo ya 0.1. Mimina dawa kidogo kwenye kifuniko safi, vuta hadi 0.5, gonga kwa kidole povu lipande, lisukume litoke, kisha soma tena. Povu la hewa kwenye ml 0.5 linakula robo ya dozi bila wewe kujua. Kilichobaki kwenye kifuniko usikirudishe chupani.

Kwa pacha, kila mmoja na sirinji yake, na anayempa awe mmoja kwa siku. Kosa la pacha mara nyingi si kipimo. Mama kampa Kulwa, dada wa kazi kampa Kulwa tena, Doto hajapata kitu.

---

Nesi wa Zamu

Niongeze namna ya kumpa, maana dozi sahihi ikiishia kwenye shati haijafika.

Ya sirinji: mtoto awe amepakatwa kichwa kikiwa juu kidogo, asilale chali kabisa. Ncha iingie pembeni, kati ya shavu na ufizi, sukuma taratibu, subiri ameze, malizia. Ukirusha moja kwa moja kooni atapaliwa.

Ya tone la mafuta: soma karatasi inasema chupa isimame wima au ilale nusu, kwa sababu matundu hayafanani na tone linabadilika ukubwa. Geuza, subiri. Mafuta ni mazito, tone linaweza kuchukua sekunde kadhaa. Usitikise wala usiminye kwa papara, yatatoka mawili au matatu. Dondoshea kwenye kijiko safi au kidole kilichooshwa umpe alambe, au kwenye chuchu kabla hajanyonya. Nashauri kijiko, kwa sababu tone unaliona na unajua ni moja.

Usiweke kwenye chupa nzima ya maziwa. Mafuta yanaganda kwenye plastiki, na akiacha robo ya maziwa hujui ameacha na dawa kiasi gani.

Akitapika baadaye, usirudie. Ukisahau leo, kesho mpe ya kesho tu, usifidie. Hii vitamini inahifadhiwa mwilini, siku moja haitikisi chochote. Muda wowote unafaa, ila ukiifunga na tendo la kila siku kama kuoga jioni, ndani ya wiki inakuwa mazoea.

---

Kigamboni Feri

Samahanini wataalamu. Hapa Dar jua lipo miezi kumi na miwili, na bibi zetu wametoa watoto nje saa 1 asubuhi miaka yote. Hizi dawa si za Wazungu wenye baridi?

---

Lishe Mezani

Swali zuri ndugu, na lina jibu la fizikia kabla ya jibu la dawa.

Ngozi inatengeneza vitamini D kwa UVB peke yake, yaani sehemu moja ya mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho. Saa 1 asubuhi jua liko chini, miale inapita kwenye hewa nene kwa mshazari, na ozoni inanyonya karibu UVB yote kabla haijafika Kariakoo. Mtoto anapata mwanga na joto zuri, vitamini hapati ya maana. Kipimo rahisi ni kivuli: kikiwa kirefu kuliko wewe mwenyewe, UVB ni hafifu. Hapa Dar kivuli kinafupika kuliko mtu kwenye saa 3 na nusu asubuhi wakati wa Machi au Septemba, na mwezi Juni kinasubiri hadi kama saa 4.

Sasa ona mtego. Saa ambazo UVB ipo ndizo saa ambazo tunashauri mtoto chini ya miezi 6 asikae kwenye jua la moja kwa moja, kwa sababu ngozi yake ni nyembamba na anapoteza maji haraka. Ngozi nyeusi nayo inahitaji muda mrefu zaidi kutengeneza kiasi kilekile. Halafu kuna kioo: kumweka dirishani kwenye fleti ya Upanga hakusaidii, kioo cha kawaida kinazuia UVB. Kofia, soksi, shali, ndiyo kabisa.

Na si nadharia. Matege ya watoto wadogo hapahapa Dar yameshaandikwa na watafiti zaidi ya mara moja tangu miaka ya 1990, pamoja na jua letu hili. Jua la mji ni moja, lakini mtoto anayeshinda chumba cha ndani cha nyumba ya kupanga hakutani nalo.

(Kwa pembeni: jua la barazani si tiba ya manjano ya kichanga pia. Mwenye manjano apelekwe hospitali apimwe.)

---

Kigamboni Feri

Nimekuelewa. Kwa hiyo bibi aache kumtoa nje?

---

Lishe Mezani

Hapana, asiache. Hewa ya asubuhi haina ubaya, na bibi kukaa na mjukuu ni jambo jema. Asihesabu tu kuwa ndiyo dozi.

---

Mzee wa Upanga

Nina hoja kwa Mizani. Umesema "anayelengwa ni anayenyonya". Makubaliano ya 2016 yanasema watoto wote hadi miezi 12, bila kujali wanalishwa nini. Ni Wamarekani na Waingereza wanaotoa nafuu ya kutopewa matone kwa wa maziwa ya kopo, tena kwa mipaka tofauti. Tusiwachanganye wazazi.

---

Mizani ya Dawa

Umenishika, shikamoo mzee. Ni kweli. Nafuu ya Marekani inaanza mtoto akinywa karibu lita 1 ya kopo kwa siku. Uingereza inaanza kwenye ml 500. Lishe, tupigie hesabu basi.

---

Lishe Mezani

Tafuta kwenye kopo safu ya "kwa ml 100 zilizotayarishwa". USISOME ile ya gramu 100 za unga, namba yake ni kubwa mara kadhaa na itakudanganya.

Tuseme lebo inasema mikrogramu 1.2 kwa ml 100. Mtoto anakunywa ml 120 mara sita, jumla ml 720. Gawa kwa 100, zidisha kwa 1.2, unapata mikrogramu 8.6, zidisha kwa 40, ni kama IU 346. Yuko karibu na lengo.

Mwingine ananyonya usiku na mchana anapata chupa mbili za ml 120. Ml 240 ni mikrogramu 2.9, yaani IU 115. Huyu anapewa matone yake yote 400, jumla 515, hana shida. Kikomo cha juu kinachotumika Marekani ni IU 1,000 kwa siku hadi miezi 6, na 1,500 kuanzia miezi 6 hadi 12. Hata wa kopo tupu wa ml 900 akipewa na matone anafika kama 830. Haina madhara, ni matumizi ya hela tu.

Hesabu yote hii inaanguka kama kopo linazimuliwa. Bei ni kubwa, najua, na wapo wanaopunguza kijiko kimoja ili kopo lifike mwisho wa mwezi. Vitamini D ndiyo hasara ndogo kabisa hapo, mtoto anakosa nishati na protini. Kijiko kijae, kisawazishwe kwa kisu, na maji yaanze kuingia kwenye chupa kabla ya unga.

Maziwa ya ng'ombe siyajadili. Chini ya mwaka si mbadala wa maziwa ya mama wala ya kopo, na D yake asilia ni kidogo mno.

---

Mama Pacha Tabata

Kliniki tunaambiwa miezi sita hata maji asionje. Matone hayavunji hilo?

---

Nesi wa Zamu

Hayavunji, mama. WHO yenyewe inapofafanua kunyonyesha maziwa ya mama pekee inaruhusu matone na sharubati za vitamini, madini, dawa, na ORS. Kinachokatazwa ni maji, uji, juisi, chai, na hizo dawa za chango za kienyeji.

Na hapa niseme jambo linalochanganya sana. Matone ya kwenye kampeni za Juni na Desemba ni vitamini A, siyo D. Kidonge laini cha IU 100,000 kwa wa miezi 6 hadi 11, cha IU 200,000 kuanzia mwaka mmoja, kinakatwa ncha na kuminywa mdomoni. Kupata ile hakumaanishi D ameshapata, na kumpa D hakumzuii kupata ile. Namba zile kubwa zisikuzoeshe ukaona 400 ni kidogo. Ni vitamini nyingine, na mizani yake ni nyingine.

---

Mizani ya Dawa

Umenikumbusha hatari ya kaunta. Kuna vitu vinne ambavyo mtu anaomba "vitamini D ya mtoto" anapewa.

Sharubati ya kalsiamu yenye D3, "ya meno na mifupa". Ndani yake kuna D kiasi kidogo na kalsiamu nyingi ambayo kichanga anayenyonya haihitaji. Ya pili, multivitamini ya matone. Inaweza kuwa sawa, lakini soma mstari wa D: zipo ambazo dozi ya chini ya mwaka inatoa IU 200 tu, na zipo zenye mafuta ya karanga. Ukimpa hiyo na matone ya D juu yake, jumlisha zote mbili. Ya tatu, mafuta ya ini la samaki. Yana vitamini A pia, na ukikimbiza D utamjaza A. Kwa kichanga yaache.

Ya nne ndiyo inanitisha: kipakiti au kichupa cha IU 60,000. Hiyo ni dozi ya mtu mzima, humezwa mara moja kwa wiki. Mtu akikwambia ugawe kidogokidogo kwa mtoto, rudisha.

---

Dr Mifupa

Nimesoma kimya, niingie kwenye kuzidi na kupungua.

Kuzidi. Ukimpa mara mbili kwa bahati mbaya siku moja, IU 800, usifanye chochote, endelea kesho. Shida ni maelfu, siku baada ya siku. Kalsiamu inapanda kwenye damu: anakataa kunyonya, anatapika, choo kinakauka, anakojoa mno huku midomo inakauka, analegea. Figo zinaweza kuumia. Kwa sababu inakaa kwenye mafuta ya mwili, kuacha leo hakuishushi kesho, inachukua wiki kadhaa. Simamisha, nenda hospitali na CHUPA pamoja na dropa uliyotumia, daktari apime kalsiamu na figo. Bila chupa tunabaki kukisia.

Kupungua. Vifundo vya mikono vinapanuka kana kwamba kuna kifundo cha ziada, mbavu zinaota vinundu kwa mstari kama shanga, mfupa wa kichwa unabonyea, utosi unachelewa kufunga, meno na kutembea vinachelewa. Kwa kichanga dalili ya kwanza inaweza kuwa DEGEDEGE BILA HOMA, kwa sababu kalsiamu imeshuka. Hiyo ni ya kukimbiza hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana.

Miguu kupinda peke yake isikutishe. Watoto wengi hupinda wakianza kusimama na hunyooka wenyewe wakikaribia miaka miwili. Ukiwa na wasiwasi, picha ya eksirei ya kifundo cha mkono na vipimo vya damu vya fosfatesi alkalini (kimeng'enya cha mifupa), kalsiamu na fosfeti vinatoa jibu. Kukanda na kufunga miguu kwa kanga hakunyooshi mfupa.

Akikutwa nayo, IU 400 haitibu. Chini ya mwaka tiba ni IU 2,000 kwa siku kwa wiki 12 au zaidi, pamoja na kalsiamu miligramu 500, chini ya daktari na vipimo vya kurudia. Nimetaja namba ili ujue ukiandikiwa usishtuke. Usijipangie.

---

Kigamboni Feri

Daktari, na mama akimeza yeye, si itapita kwenye maziwa?

---

Dr Mifupa

Inapita, lakini si kwa vidonge vya kliniki. Utafiti wa Marekani wa 2015 ulimpa mama IU 6,400 kila siku, na watoto walifikia kiwango sawa na wanaopewa 400 wenyewe. Vidonge vya wajawazito vyenye D mara nyingi vina kama 400, hicho kinaishia kwa mama. Kwa 6,400 unahitaji usimamizi wa daktari, na ukisahau wewe mtoto naye amekosa. Tone la mtoto ni rahisi zaidi.

Hata hivyo hali ya mama ina uzito. Akiba ya kichanga inatoka kwake. Mama anayeshinda ndani, au anayevaa baibui na jua halimgusi, anaweza kujifungua mtoto mwenye akiba ndogo. Mtoto huyo asisubiri miezi kuanza matone.

---

Nesi wa Zamu

Njiti tumewasahau. Wao dozi hupangwa wodini, inaweza kuwa kuanzia 400 hadi 1,000, na wanapewa na madini ya chuma kwa uzito. Mzazi wa njiti afuate karatasi aliyoruhusiwa nayo, si uzi huu. Vilevile mtoto aliye kwenye fenobabito ya degedege au dawa za TB: mwambie daktari, dawa hizo zinaichoma vitamini D haraka.

---

Mama Pacha Tabata

La mwisho: inatunzwaje na joto hili, na akifikisha mwaka tunakata?

---

Mizani ya Dawa

Ikae kwenye boksi lake, kabatini, mbali na jiko na dirisha. Usiiache kwenye gari, na kwenye bajaji iweke mkobani. Friji ni kama karatasi imesema. Ya mafuta ikipoa sana inakuwa nzito na tone linakawia. Andika tarehe uliyofungua juu ya lebo, maana nyingi zina muda wake baada ya kufunguliwa, tofauti na tarehe ya kuisha iliyochapwa.

Akitimiza mwaka mahitaji yanakuwa IU 600 kwa siku, ila sasa anakula na anacheza nje kivuli kikiwa kifupi. Kibua, dagaa waliosagwa na kiini cha yai vinachangia, ingawa vyenyewe havifiki. Unga na mafuta ya kula ya dukani havitakusaidia: mafuta yanaongezwa vitamini A, unga unaongezwa chuma, foliki na zinki, D kwa kawaida haimo. Asiyetoka nje, mjadili na daktari kuendelea. Na chupa ya ndugu yake mkubwa iliyobaki tangu mwaka juzi, dada, hiyo tupa.